Waliosimama Kutuokoa

Niliwaacha wiki iliyopita tukiwa juu ya mto ulioganda, ambao wakati wa baridi ndio barabara yetu, mimi na Oktyabrina, mkanda wa feni umekatika na gari limeanza kuchemsha maji. Msidhani tumesogea. Tuko palepale.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa ajili ya kufungia samaki, nitarudia kidogo. Naitwa Marfa. Nilikuwa mpishi wa shule kijijini kwetu mpaka shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Mwanangu wa pekee, Styopan, alizama na trekta lake barafu ya mto ilipoanza kulainika. Mkewe akamchukua binti yao, akahamia naye mji wa wilaya, na huko yeye akazama kwenye pombe. Mtoto akapelekwa kituo cha watoto. Anaitwa Kunnei, ana miaka minne, na mara ya mwisho nilipomshika alikuwa hajajua hata kutembea sawasawa.

Ijumaa hii ofisi ya watoto inakaa kikao. Kama hakuna ndugu wa damu atakayetokea mwenyewe mbele yao na kusema huyu ni wetu, Kunnei anapewa watu wengine, na habari yake inaishia hapo. Ndege haziruki kwa sababu ya ukungu wa baridi. Ndiyo maana nikapanda gari la rafiki yangu Oktyabrina, lile la kijivu lenye umbo la mkate, alilokuwa akibebea wagonjwa zamani, tukaingia porini. Mpaka sasa tumeshapoteza jiko la garini, nusu ya petroli na mfuko mzima wa nyama ya farasi.

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba nina nuksi. Ahsanteni. Hilo nalijua kuliko ninyi.

Sasa tuendelee.

Oktyabrina alifunga boneti, akaja dirishani kwangu akiwa na barafu kwenye nyusi.

"Shoga, vua soksi."

"Soksi gani?"

"Zile ndefu za nailoni. Mkanda ukikatika unafunga soksi ya nailoni, gari linakwenda. Niliwahi kumtoa daktari mmoja porini hivyohivyo."

"Nimevaa za sufu. Tabaka tatu."

"Hata moja ya nailoni?"

"Oktyabrina, nina miaka hamsini na nane. Nje kuna baridi ya kupasua miti. Unataka nivae nailoni nimpendezee nani?"

"Mwanamke hawezi kujua," akasema, akacheka mpaka meno yake ya dhahabu yakaonekana.

Na yeye hakuwa nazo. Akajaribu kamba ya kufungia mizigo. Kamba ikazunguka kidogo, ikakatika. Akajaribu kitambaa changu cha kichwani, akakisokota vizuri. Kikatafunwa. Maji ya rejeta yakawa yanachemka kama supu, na ikabidi afanye jambo ambalo kwetu hakuna dereva anayelifanya nje wakati wa baridi. Alizima injini.

Alizima, akaweka mikono juu ya usukani. Mimi si dereva, lakini nimezaliwa huku. Najua injini ikipoa kwa baridi ile haiwaki tena mpaka ibembelezwe kwa moto kwa muda mrefu, na hata ikiwaka, bila mkanda ni kazi bure.

"Basi," nikasema.

"Basi nini?"

"Basi tu."

"Wewe ukianza na hiyo 'basi' yako nitakuacha hapa uolewe na dubu. Shuka. Tuchome tairi."

Tulichoma tairi la akiba. Moshi wake mweusi ukapanda wima, haukuyumba, kwa maana upepo wenyewe ulikuwa umeganda. Lilipokwisha tukachoma benchi la mbao la wagonjwa. Benchi nalo likaisha. Oktyabrina akatoa jeki, akaanza kufungua tairi la nyuma la gari lenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye hategemei tena kuondoka na gari lile.

Chakula kilichobaki ni chapati chache za maziwa nilizozipika nyumbani, zimekuwa ngumu kama vigae. Nikazishika karibu na moto zilainike. Oktyabrina akainyakua ya kwanza, akaimega, akaitupa motoni.

"Wewe."

"Nini?"

"Chapati zimebaki tano, na wewe unaulisha moto?"

"Moto unakula kwanza. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu hakukwama hapa."

"Moto ukinuna tutakufa mapema zaidi. Ukishiba, tutakufa baadaye. Chagua."

Nikachagua kunyamaza. Lakini aliponigeuzia mgongo niliiangalia ile chapati ikiungua na machozi yakanitoka, na machozi yenyewe yakaganda kabla hayajafika kidevuni. Nilikuwa na njaa, jamani. Sitawadanganya kwamba nililia kwa ajili ya mjukuu.

"Watatutafuta," nikasema baadaye.

"Nani?"

"Watu wa nyumbani."

"Uliwaambia tutafika lini?"

Nikachochea moto.

"Nakuuliza, Marfa. Kuna mtu ulimwambia?"

"Hakuna mtu mwenye akili anayesema."

"Basi hakuna mtu mwenye akili anayetutafuta."

Alisema kweli. Kwetu msafiri hatangazi safari. Njia ina masikio, na ukiiambia utafika lini, yenyewe itakuonyesha nani mwenye kuamua. Kaka yangu alituona tunapakia mizigo, akaona mablanketi na shoka na madebe ya petroli, akatuuliza tu kama tumeshakula. Hata yule binti wa ofisi ya watoto aliponipigia simu, mgeni mwenye sauti ya mjini, akauliza nitakuja au sitakuja na nitafika lini, nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu mwenye heshima zake. Nilimwambia tutaona, njia yenyewe ndiyo inayojua. Akasema sawa, akakata. Nilijiona nimejibu kwa adabu kabisa.

Kwa hiyo kijijini wanadhani tuko mjini, na mjini hakuna anayejua kama tuko duniani. Nikalifikiria hilo. Nikakaa chini kwenye theluji.

"Inuka," Oktyabrina akasema.

"Niache."

"Inuka, Marfa. Ukikaa utasikia raha, na ukisikia raha umekwisha."

"Wewe una nini cha kurudia nyumbani? Mimi nina nini? Hebu niambie."

Akanishika ukosi, akaniinua kama mtu anavyoinua gunia, akanipiga kofi la shavuni kwa glavu ya manyoya. Halikuuma. Ila nilisimama.

Mchana ulikuwa umeanza kuzeeka, jua jekundu limekaa juu ya vilima, tulipoona taa mbili.

Zilikuwa zinakuja kutoka upande wa mji wa wilaya, yaani upande ule tuliokuwa tunaelekea. Mjue kwamba kwenye mto ule hakuna anayempita mwenzake aliyesimama. Awe mwizi, awe hakimu, akiona gari limekwama anasimama. Nilijua watasimama, na bado nilikimbia katikati ya njia nikapunga mikono yote miwili kama kichaa.

Gari lilikuwa jeupe, kubwa, la Kijapani, vioo vyake vimewekwa tabaka mbili. Akashuka mwanamume mrefu, mwekundu wa uso, Mrusi wa migodini. Akatutazama, akautazama moto, akalitazama gari letu limeinamia upande mmoja bila tairi.

"Mko hai?"

"Nusu," Oktyabrina akamjibu.

"Nusu ipi?"

"Ya juu. Ya chini siisikii tangu asubuhi."

Akacheka. Jina lake Gennadi. Akaja kuangalia mkanda, akatikisa kichwa. Hakuwa na unaotoshea.

"Nyuma kule kwenye njia panda kuna mgahawa wa madereva," akasema. "Mnaufahamu?"

"Tumeupita jana."

"Tunaelekea huko. Tutawapeleka. Malori hayakosi pale, mtapata wa kuwarudisha na mkanda, au wa kuwapeleka mnakokwenda."

Oktyabrina akasimama mbele ya gari lake, akaweka mkono kwenye boneti.

"Siliachi."

"Mama, litakuwepo. Nani atalichukua, halina hata tairi."

"Huyu ni mume wangu wa tatu," Oktyabrina akamwambia, "na ndiye pekee ambaye hajawahi kunipiga."

Lakini aliingia. Wote wawili tuliingia. Kurudi nyuma kulikuwa kunazidi kuniweka mbali na mji wa wilaya, lakini nilijipigia hesabu kwamba nikipata lori palepale njia panda, Ijumaa bado naiwahi. Kwa hiyo nilipanda gari lile nikiwa na matumaini. Hayo ndiyo matumaini yangu ya mwisho kuwaeleza katika kisa hiki, yashikeni vizuri.

Ndani kulikuwa na joto mpaka vidole vikaniuma. Mbele alikaa mke wa Gennadi, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi, anaitwa Zoya. Aligeuka akatupa chai kwenye vifuniko vya chupa, tamu, yenye maziwa. Akatuvua glavu yeye mwenyewe, akatukanda mikono. Nilimpenda papo hapo, wallahi.

Nyuma, kati yangu na Oktyabrina, kulikuwa na mtoto wa kike amefungwa ndani ya koti la manyoya ya sungura, mpya kabisa. Uso tu ndio ulionekana. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Bibi, unanuka."

Zoya akasema, "Ala, tabia gani hiyo?"

"Mwache," nikasema. "Kweli nanuka. Tumechoma tairi."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunasikia baridi."

"Tairi lililia?"

"Lilitoa moshi tu."

Akafikiri. "Labda lililia kimyakimya."

Oktyabrina akacheka, akamwambia huyo atakuwa mwanasheria au mchawi. Joto lilikuwa limezidi, Zoya akanyoosha mkono akamvua mtoto kofia.

Masikio yakachomoka. Yamesimama pande mbili kama mishikio ya sufuria.

Mwanangu Styopan alikuwa na masikio hayo. Shuleni walimtania mpaka akawa halalii upande wa kushoto, akidhani ndio ulioyaharibu. Baba yake alikuwa nayo pia. Nikajiambia Marfa, usiwe mjinga, dunia imejaa watoto wenye masikio.

"Kunnei," Zoya akasema, "mwambie bibi shikamoo, halafu uombe radhi."

"Shikamoo, bibi. Naomba radhi."

Kifuniko cha chai kilikuwa mkononi mwangu. Sikukiangusha. Wengi mngependa niseme nilikiangusha, lakini nilikishika vizuri sana, nikakitazama, nikahesabu vipande vya majani ya chai vilivyokuwa vinaelea. Oktyabrina ndiye aliyeruka kama aliyechomwa sindano. Akafungua kinywa. Nikapitisha mkono nyuma ya mtoto, nikamfinya Oktyabrina kwenye nyama ya kiuno, nikamfinya kwa nguvu zangu zote, mpaka akafunga.

Msiniulize kwa nini. Nilitaka kwanza nisikie. Nilitaka nijue ni watu gani. Na kusema kweli niliogopa, kwa sababu gari lilikuwa lao na joto lilikuwa lao na chai iliyokuwa tumboni mwangu ilikuwa yao.

"Mtoto mzuri," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ni wenu?"

Zoya akageuka kabisa kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nikajua anatamani kuulizwa swali hilo na kila mtu anayekutana naye.

"Wetu. Tangu juzi ni wetu."

"Tangu juzi?"

"Tumengoja mtoto miaka mingi, mama. Dawa, madaktari, waganga, kila kitu. Halafu tukaambiwa kuna binti huku wilayani. Tungeruka na ndege kutoka kwetu kusini, lakini si unaona ukungu. Gena huyu akasema tuendeshe tu."

"Nilidhani," nikasema, "nilidhani mambo hayo huwa na kikao. Nasikia kwa watu. Kwamba wanangoja kwanza ndugu."

"Kilikuwepo. Kilikuwa kifanyike Ijumaa," Gennadi akadakia, macho yake yako njiani. "Wakakileta mbele."

"Kwa nini?"

"Bibi yake," Zoya akasema, akashusha sauti kwa ajili ya mtoto. "Ana bibi, kijiji cha mbali huko. Usiku nilikuwa silali nikimfikiria huyo bibi. Nilisema atakuja, atamchukua, nami nitarudi na koti la sungura mikononi. Lakini walimpigia simu. Wakamuuliza utakuja? Utafika lini? Unajua alijibu nini?"

Nikaendelea kuhesabu majani ya chai.

"Alisema tutaona. Basi. Tutaona."

"Mtu na damu yake," Gennadi akasema. "Hata mimi ng'ombe wangu akipotea siwezi kusema tutaona."

Oktyabrina hakuweza kuvumilia. "Bwana, usiseme hivyo. Huku kwetu mtu akisema tutaona maana yake anakuja. Anakuja hata kwa kutambaa. Anayekwambia 'nafika Ijumaa saa nne' ndiye usimngoje, huyo mwongo."

"Sasa ofisi itajuaje?"

"Ofisi imuulize mtu wa huku. Wamejaa huko mjini. Wanafagia hiyohiyo ofisi."

"Binti wa ofisi ni mgeni," Zoya akasema polepole. "Aliandika kwamba bibi hana nia." Akatazama mbele, kisha akageuka tena. "Unadhani alikuwa anakuja kweli?"

Aliniuliza mimi, si Oktyabrina.

Ndugu wasomaji, nafasi ilikuwa ile. Ningesema neno moja. Mimi ndiye. Nilikuwa nalo mdomoni, nalisikia uzito wake kwenye ulimi. Na wakati huohuo Kunnei akavuta mkono wa koti la Zoya, akasema, "Mama, kiu."

Mama. Siku mbili tu, na ameshaliweza. Labda alikuwa analo tayari, amelitunza muda wote huo akisubiri wa kumpa.

"Sijui," nikamjibu Zoya. "Wazee hatueleweki."

Zoya akamnywesha mtoto maji, akamfuta kidevu. "Mimi ningemwona huyo bibi sijui ningefanya nini," akasema. "Ningempigia magoti, au ningemfungia mlango. Namuogopa kama kifo."

Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia kwa vidole vyake vyembamba na kwa jinsi alivyojua mtoto anapenda maji ya vuguvugu. Kisha nikaona aibu, maana bila wao ningekuwa nimekaa kwenye theluji nasikia raha. Chuki na aibu vikakaa pamoja kifuani, hakuna kilichomwachia mwenzake nafasi.

Njia ikawa na mawimbi ya barafu, gari likirushwarushwa. Kunnei akaanza kusinzia. Kichwa kikamwangukia Oktyabrina, akakitoa, akasema huyu ana mifupa. Kikaniangukia mimi. Akajivuta, akapanda mapajani bila kuniomba, akaweka shavu lake kwenye sweta langu linalonuka tairi, akalala.

Zoya alitazama kwa kioo, akafunika mdomo.

"Mama, sijui umefanya nini. Tangu tumchukue hajalala. Anakaa macho wazi tu, hata kwangu. Hata kituoni walituambia halali mpaka achoke kabisa."

"Amechoka," nikasema.

"Hapana. Amekupenda."

Nikainamisha uso kwenye nywele zake. Zilinuka sabuni ya wageni. Chini ya sabuni nikatafuta kitu cha kwetu, moshi, maziwa, chochote. Sikukipata. Nililia kwa upole, bila kutikisa mabega, kazi niliyojifunza msibani kwa Styopan. Oktyabrina akanishika goti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha wa kusema.

Nilifikiri mambo mengi. Nina nyumba yenye chumba kimoja kinachopashika moto. Nina ng'ombe mmoja mzee asiyetoa maziwa. Shule imefungwa, daktari hayupo, na mimi ni bibi wa miaka hamsini na nane mwenye nuksi, kama mlivyoniandikia. Kila sababu niliyoipata ilikuwa upande wa Zoya. Nilizipima zote, na baada ya kuzipima zote nikaona bado namtaka mtoto wangu.

Tukafika njia panda.

Mgahawa ulikuwa umezungukwa na malori yanayonguruma, injini zote zinawaka, mvuke umetanda mpaka huoni mlango. Gennadi akashuka kutia petroli. Oktyabrina akaruka nje kabla gari halijasimama vizuri, akaingia ndani, na muda si mrefu akarudi upande wa mlango wangu. Akaufungua kidogo.

"Kuna lori linakwenda mji wa wilaya," akaninong'oneza. "Dereva ni mpwa wa marehemu mume wangu wa pili. Anamalizia supu, anaondoka. Ana nafasi mbili. Twende tukapige kelele ofisini, wataandika upya, lazima waandike."

"Mtoto yuko hapa, Oktyabrina. Huko nakwenda kufanya nini?"

"Basi sema. Mwambie huyu mwanamke sasa hivi."

"Nikisema tutamnyang'anyana akiwa usingizini."

"Usiposema wameondoka naye kusini. Unataka nini wewe?"

"Nataka alale."

"Marfa."

"Nataka alale kidogo tu."

Dereva wa lori akapiga honi. Oktyabrina akageuka, akampungia mkono asubiri. Honi ikapigwa tena. Upande wa pili mlango ulifunguliwa, baridi ikaingia ndani kama maji, na Zoya akasimama pale amevaa kofia yake, mikono ameinyoosha.

"Nipe, mama. Nitamlaza mbele kwangu. Tuna safari ndefu."

Nilimsikia vizuri.

"Umemlaza vizuri sana, Mungu akubariki. Nipe sasa."

Alikuwa anatabasamu. Akaweka mikono yake chini ya mgongo wa mtoto, akavuta kidogo. Mtoto hakuja; nilikuwa nimemshika.

"Miguu imekufa ganzi?" akauliza. "Subiri nimwite Gena akusaidie."

"Miguu yangu mizima," nikamwambia.

Tabasamu likabaki usoni pake kwa muda, kisha likaanza kuondoka, kwanza machoni. Akanitazama uso. Akamtazama mtoto. Nikaona macho yake yanakwenda kwenye kidevu cha Kunnei, yanarudi kwangu, na nikajua anatafuta. Nina hakika alipata, kwa sababu midomo yake ilipauka.

"Wewe ni nani?" akasema.

Nyuma yake lori liliondoka. Nililisikia likibadilisha gia, likipanda mlima.

Baridi ndiyo iliyomwamsha mtoto. Akafumbua macho, akaona uso wangu juu yake, mweusi kwa masizi, umelowa machozi, akashtuka. Akapiga ukelele. Akajinyonga mikononi mwangu, akageuka, akamnyooshea Zoya mikono yote miwili.

Nami nikamkaza zaidi.